Mlinzi Aliyelipwa Mifupa

Nina kisa!

— Kilete!

Kina pembe!

— Tutakishika!

Kina meno!

— Tutajibanza! Wewe kilete tu!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kukatishwa.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanapiga hodi milangoni mwa watu na kuwekewa kigoda wakae, paliishi mume na mke. Mume aliitwa Mbonea. Mke aliitwa Nakijwa. Walikaa milimani kwa ukoo wa mume, kwenye kijishamba kidogo kisichotosha hata kulaza jembe. Hawakuwa na kuku, hawakuwa na mbuzi. Nyama waliijua kwa harufu tu, ikipikwa kwa jirani.

Nakijwa akazaa mtoto wa kiume. Kwa watu wale, mwanamke akizaa lazima achinjiwe. Hunyweshwa mchuzi wa nyama asubuhi, hunyweshwa jioni, mpaka nguvu zirudi na maziwa yashuke. Lakini Nakijwa achinjiwe nini? Alikunywa uji wa mtama mtupu. Maziwa hayakushuka. Mtoto alilia siku kumi. Siku ya kumi na moja hakulia tena.

Nakijwa alifinyanga vyungu mwezi mzima. Kisha akamwambia mumewe, "Mbonea, mimi sizai tena katika nyumba isiyo na zizi. Tuhame. Tukafuge."

Mbonea hakubisha. Angebisha kwa mdomo gani?

Nakijwa alikuwa mfinyanzi. Akachukua vyungu vyake vyote, akavibadilisha kwa mifugo. Akapata jogoo na mtetea, akapata beberu na mbuzi jike mwekundu. Basi wakashuka nyikani, mume na jembe begani, mke na kapu la kuku kichwani, mbuzi wakifuata nyuma.

Wakafyeka. Wakajenga kibanda. Wakakata miiba, wakaizungusha boma zima. Mbonea akajenga banda la kuku juu ya miti minne ili kenge asifike. Nakijwa akafagia zizi kila asubuhi, akakata majani, akachota maji. Na akaweka sharti moja.

"Hatuli hata mmoja mpaka wazaane," alisema. "Wakizaa, tutakula madume ya uzao wao. Jike haguswi. Jike ndiye zizi lenyewe."

"Nimekubali," Mbonea akajibu.

Mmesikia? Alikubali. Likumbukeni neno hilo.

Jioni ya tatu, jua likizama, Chui akaruka miiba. Akamkamata mtetea, akaruka tena, akaenda zake. Mume na mke walibaki wameshikana mikono, wakitazama manyoya yanavyopeperuka. Walikuwa wamebaki na wanyama watatu tu, na Chui alikuwa ameshaijua njia.

Asubuhi yake wakasikia sauti langoni. "Hodi, kaka! Hodi, shemeji!"

Alikuwa Fisi.

Mnacheka? Subirini. Ninyi mko hapa mmeshiba, moto unawaka. Mbonea alikuwa hajalala.

"Nimesikia yaliyowapata," Fisi akasema kwa huruma. "Chui hana adabu. Lakini akisikia sauti yangu hasogei. Niajirini niwe mlinzi. Masharti yangu ni matatu, na mkitaka tuyaseme mbele ya jua. La kwanza, kila mtakayemchinja, mifupa yote ni yangu. La pili, mimi nyama yenu siigusi. La tatu, mkiniita nitaitika. Siku mtakayoniita mara tatu nisiitike, nifukuzeni, na mifupa yangu mpeni atakayeitika."

"Hayo ni masharti ya mtu mwaminifu," Mbonea akasema.

Nakijwa akamtazama Fisi mdomoni, akauliza, "Na tusipochinja?"

"Nitavumilia, shemeji," Fisi akasema, akameza mate.

Basi Fisi akakaa langoni. Na kweli, Chui hakurudi. Kila Nakijwa alipoita, "Fisi!" aliitikiwa palepale, "Naam, shemeji!" Mwezi ukapita. Mbuzi jike akashika mimba. Nakijwa naye, bila kumwambia mtu, akajua kwamba ana mimba. Alipomwambia mumewe, Mbonea aliruka kwa furaha, kisha akaketi, kwa maana wote wawili walikumbuka siku ile ya kumi na moja.

"Safari hii utachinjiwa," Mbonea akasema.

"Safari hii nitachinjiwa," Nakijwa akajibu.

Sasa, jamani, sikilizeni vizuri. Watu wale walikuwa na desturi nyingine. Mgeni akija kwenye boma jipya, huchinjiwa. Na kabla ya kuchinja, mwenye boma humleta mnyama akiwa hai mbele ya mgeni. Mgeni humgusa mgongoni, akasema, "Nimemwona." Akishasema hivyo hakuna kurudi nyuma. Mnyama huyo ni wa mgeni.

Na Mbonea alikuwa na kidonda moyoni. Marehemu baba yake aliitwa mchoyo. Kule milimani wanawake walimtungia wimbo, wakauimba wakitwanga, na Mbonea aliusikia tangu utoto wake. Alikuwa radhi kuitwa mjinga, kuitwa mvivu, kuitwa lolote, lakini si mchoyo. Fisi alilijua hilo. Sijui aliambiwa na nani. Kwa mambo ya namna hii masikio ya fisi hayana kazi nyingine.

Akaja mgeni wa kwanza. Alikuwa Mbweha, na vumbi miguuni.

"Nimetoka mbali," akasema. "Nilisikia mtoto wa rafiki yangu amefungua boma. Nikasema nije nimwone."

Nakijwa akamwambia mumewe pembeni, "Mpe ugali wa mtama na mboga. Ashibe, aende."

Lakini Fisi alikuwa amesogea, akamnong'oneza Mbonea sikioni:

"Chinja, kaka, chinja, watu watasema!
Ukiweka, watasema,
ukichinja, watasifu!"

Mbonea akahisi shingo inapata moto. Akamleta jogoo. Mbweha akamgusa mgongoni, akasema, "Nimemwona." Jogoo akachinjwa. Mbweha akala kidogo, akasema nyingine atawapelekea watoto. Fisi akapewa mifupa. Banda la kuku likabaki tupu juu ya miti yake minne.

Miezi minne mingine ikapita. Akaja mgeni wa pili. Alikuwa Tumbusi, mzee wa upara, akitembea taratibu.

"Nimetoka mbali," akasema. "Nilisikia mwana wa fulani amefungua boma. Nikasema nije nimbariki."

"Mpe uji," Nakijwa akasema. "Mzee yule hana hata meno."

Fisi akasogea. Mnaujua wimbo wake. Uimbeni nami:

— Chinja, kaka, chinja, watu watasema!
— Ukiweka, watasema,
— ukichinja, watasifu!

Ehee. Mnauimba vizuri, na Mbonea aliusikia vizuri hivyohivyo. Akamleta beberu. Tumbusi akamgusa kwa ubawa, akasema, "Nimemwona." Beberu akachinjwa. Tumbusi akabeba minofu, Fisi akabeba mifupa.

Zizini akabaki mbuzi jike mwekundu peke yake, tumbo limemjaa. Na Nakijwa tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya khanga.

Siku hiyo Nakijwa alikaa zizini, akaegemea mgongo wa mbuzi, akalia. "Umebaki wewe tu," akasema. "Akija mwingine, nitazaa tena kwenye uji mtupu."

Mbuzi akacheua, akatazama langoni, kisha akasema kwa sauti ndogo.

"Mama, mimi najua nilinunuliwa kwa ajili ya chungu. Wewe hukunificha, wala sikulaumu. Lakini mimi na wanangu tuliwe na yule tuliyefugiwa. Jana nilipokuwa machungani nilifika karibu na jabali la nyuma ya korongo. Nenda ukatazame ni nani wanaokaa pale. Nenda mchana huu, Fisi akiwa ameondoka langoni."

Nakijwa akachukua kamba ya kuni, akaenda. Jua lilikuwa utosini. Akapita korongo, akajibanza nyuma ya kichaka cha miiba. Akachungulia.

Juu ya jabali walikaa watatu. Mbweha aliyetoka mbali alikuwa amejinyoosha, anajilamba. Tumbusi aliyetoka mbali alikuwa anadonoa utumbo mkavu. Na Fisi alikuwa katikati yao, ana hasira.

"Nyama yote mnaila njiani," Fisi alisema. "Mimi mnaniletea harufu! Nimechoka na mifupa. Jike amebaki, amenona, ana wana wawili tumboni. Kesho mgeni ni mimi mwenyewe."

"Watakujua," Mbweha akasema.

"Nitajifunika shuka gubigubi. Wewe utaniongoza, useme mimi ni baba mdogo wa Mbonea, mgonjwa, nimepofuka. Mbonea hawezi kumnyima baba mdogo. Na jike akiisha, boma limekwisha. Nitamwachia Chui wao wenyewe."

Nakijwa aliyasikia yote. Mtoto akamgeuka tumboni. Akarudi nyuma hatua moja, na kijiti kikavu kikavunjika chini ya unyayo wake.

Ta!

Fisi akainua kichwa. Akanusa. Akanusa tena. Akashuka jabali, akaja mpaka upande wa pili wa kichaka. Nakijwa aliona pua yake kati ya miiba, nyeusi, ina maji, inacheza. Akaziba mdomo kwa khanga. Alitamani hata moyo wake uache kupiga kidogo.

Fisi akanusa mara ya tatu. Upepo ulikuwa unatoka kwake ukienda kwa Nakijwa. Hakupata kitu. Akarudi.

Nakijwa alifika nyumbani hana kuni hata moja. Akamweleza mumewe yote, neno kwa neno. Unadhani Mbonea aliamini?

"Mke wangu, mimba imekuchosha," alisema. "Fisi ametulinda miezi yote hii. Na kama kweli akija baba mdogo, nimwambie nini? Nimfukuze ndugu wa baba yangu, waniimbe kama walivyomwimba yeye?"

"Na mimi, Mbonea? Na huyu?" Akaushika mkono wake, akauweka tumboni.

Mbonea akautoa mkono taratibu. Hakumtazama usoni. Nakijwa akajua hapo kwamba maneno hayatoshi, itabidi mumewe aone kwa macho.

Kesho yake, saa nne ya asubuhi, wakasikia fimbo inagonga langoni.

"Hodi wenyewe!" Mbweha akaita. "Nimemkuta mzee njiani, nikasema nimwongoze. Ni baba mdogo wako, Mbonea. Macho hayaoni, koo linauma, hawezi kusema kwa nguvu. Ametoka mbali!"

Nyuma yake palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka toka juu mpaka chini. Kilikohoa.

"Karibu, baba," Mbonea akasema. Akaweka kigoda. Mzee akakikalia kwa shida, kana kwamba hajawahi kukalia kigoda maishani.

"Shikamoo, baba," Nakijwa akasema.

"Marahaba," shuka likanong'ona.

Mbonea akatazama huku na huku, akimtafuta wa kumnong'oneza. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Lakini wimbo ulikuwa umeshakaa kichwani mwake, ukijiimba wenyewe. Akaenda zizini. Akamfungua mbuzi jike mwekundu, akamleta kwa kamba. Mkono mwingine alishika kisu.

Mbuzi hakugoma. Alikuja akitetemeka, tumbo linayumba, macho yake kwa Nakijwa.

"Baba," Mbonea akasema, "huyu ndiye aliyebaki. Mguse."

Shuka likajongea. Kitu kikajinyoosha ndani yake kuelekea mgongo wa mbuzi. Bado neno moja tu litamkwe.

"Ngoja kwanza, mume wangu," Nakijwa akasema. "Tumesahau adabu. Boma hili lina mlinzi. Mifupa ya mbuzi huyu ni yake, na hapa hayupo. Tutachinjaje bila yeye kushuhudia haki yake?"

Mbonea akashusha kisu. "Ni kweli. Fisi yuko wapi leo?"

"Si kitu, si kitu," Mbweha akasema haraka. "Mzee ana njaa."

"Mzee atusamehe kidogo tu," Nakijwa akasema. "Fisi haitwi mara mbili." Akageukia lango, akapaza sauti. "Fisi!"

Kimya. Shuka likatulia tuli.

"Ajabu," Mbonea akasema. "Hajawahi kutoitika."

"Fisi!"

Kimya. Nzi alipita. Mbweha alianza kujikuna sikio, na lilikuwa haliwashi.

Nakijwa akasogea, akasimama kati ya mbuzi na mgeni. Kama hila yake ingeshindwa, mbuzi alikuwa amekwisha, na wana wawili wa mbuzi, na labda huyu wa tumboni mwake pia. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote.

"Fisiii!"

Kimya.

"Basi," Nakijwa akasema polepole. "Mume wangu, unakumbuka sharti la tatu? Ulilisikia mwenyewe mbele ya jua. Ameitwa mara tatu, hakuitika. Kuanzia sasa si mlinzi tena. Mifupa ya mbuzi huyu, na ya kila mnyama wa boma hili kuanzia leo, ni ya atakayeitika. Haya! Nani mlinzi mpya?"

Mbweha akaitazama miguu minene ya mbuzi. Akawaza uboho. Akasahau alikuja na nani.

"Naam!" akaruka. "Naam, shemeji! Mimi hapa!"

"Mwongo!" shuka likanguruma. "Mwizi wewe! Mifupa ni yangu! Nimekaa langoni miezi yote na jua na mvua, mifupa ni yangu mimi!"

Shuka likaanguka. Fisi alikuwa amesimama katikati ya boma, manyoya yamesimama, meno nje, ameshamkamata Mbweha shingoni.

Mbonea alimwona. Alimwona vizuri, jua likiwa juu. Kisu kikamtoka mkononi. Akanyakua mpini wa jembe, akamtandika Fisi mgongoni, akamtandika kiunoni, akamtandika makalioni, mpaka Fisi akaona kwamba Mbweha anaweza kusubiri. Akatoka mbio huku nyuma kumelegea, na mpaka leo nyuma yake imeshuka. Mkimwona mtazameni, kisha mje mniambie kwamba nimedanganya. Mbweha naye, alipoachiwa tu, alitoweka, na shuka la watu mdomoni. Tumbusi alikuwa angani, anasema yeye hahusiki.

Mbonea akakaa chini vumbini.

"Nimeogopa midomo ya watu wasiokuwepo," akasema, "nikataka kukuua wewe uliyepo. Nisamehe, Nakijwa."

"Simama," Nakijwa akasema. "Chui atasikia kwamba hatuna mlinzi. Kata miiba."

Mbonea akakata miiba siku tatu mfululizo, akainua boma likampita kimo. Akahamishia kitanda chake karibu na lango. Mlinzi sasa alikuwa yeye mwenyewe, na hakudai mifupa.

Siku ya nne mbuzi akazaa wawili, jike na dume. Miezi ikapita. Yule dume akakua, akanona, akawa anarukaruka juu ya mawe. Wageni wa kweli nao walikuja. Mbonea aliwapa ugali wa mtama na kisamvu, wakala, wakashukuru. Kama kuna aliyemsema, alimsemea huko mbali.

Nakijwa akazaa mtoto wa kike. Mbonea akanoa kisu, akaenda zizini, akamtoa dume mdogo.

Mchuzi ulipoiva, Nakijwa hakuweza kuunywa. Akainuka na udhaifu wake, mtoto mkononi, akaenda mpaka zizini. Mbuzi mwekundu alikuwa amesimama, uso kwenye miiba.

"Nimekuja kwako," Nakijwa akasema.

"Usinibembeleze, mama," mbuzi akasema bila kugeuka. "Nimezaa wawili, mmoja umenichukulia. Inaniuma. Wewe unajua inavyouma." Kisha akageuka, akamtazama mtoto. "Lakini wangu najua alikokwenda. Hakwenda jabalini. Haya, nenda ukanywe mchuzi ungali moto. Mtoto analia."

Nakijwa akarudi. Akaunywa mchuzi huku machozi yakidondoka bakulini. Akanywa asubuhi, akanywa jioni, na maziwa yakashuka.

Siku ya kumi na moja ilipofika, Nakijwa na Mbonea hawakufanya kazi yoyote. Walikaa kando ya kitanda, wanasikiliza. Mtoto alikuwa amelala, kimya. Jua likapanda, bado kimya. Nakijwa akainua mkono amguse, akaogopa, akaurudisha.

Mara mtoto akakunja uso, akafumbua mdomo, akalia. Akalia kwa sauti kubwa, ya hasira, ya mtoto aliyezoea kushiba na sasa amecheleweshewa. Kilio kikavuka miiba, kikafika machungani, na mbuzi wakainua vichwa.

Haya, jamani, hilo ndilo nililokuja nalo. Ukifungua mji wako, jua umeufungua kwa ajili ya nani, na hao ndio wawe wa kwanza kula. Mgeni mpe kilichopo kwa moyo mweupe, lakini usimchinjie jike la zizi lako kwa kuogopa kusemwa. Na akitokea mtu anakuharakisha uchinje, hebu tazama kwanza mifupa inakwenda kwa nani.

Kisa nimekifunga kamba!

— Umekifunga!

Nimekirudisha zizini!

— Kimelala!

Anayekitaka akichukue, akakilishe kwake. Mimi nimechoka, nipeni maji ya kunywa.